Wahudumu 14 wote wameisifia fomu mpya, lakini ukurasa wa pili unarudi mtupu. Wenye uzoefu wa huduma za nyumbani naombeni mawazo

#1 Sista Kilimani

Habari za jioni wakuu.

Nipo Mwanza, kwenye kituo chenye huduma ya kuwafuata wagonjwa majumbani: waliopata kiharusi, wenye vidonda vya kisukari, wazee wasiotoka kitandani, na wachache wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu kwa wenye ugonjwa usiopona. Tunazunguka Mabatini, Igogo, Pasiansi hadi Buhongwa. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mambo ya ubora.

Miezi mitatu iliyopita tulianza kutumia fomu mpya ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni presha, sukari, dawa na chakula. Wa pili ni wa ngozi na vidonda vya kulalia. Humo tumeweka kipimo cha Braden, cha kukadiria hatari ya mgonjwa kupata vidonda hivyo, na mchoro wa mwili wa binadamu kwa nyuma, ili nesi aweke alama pale alipoona wekundu au kidonda.

Wiki iliyopita nikagawa dodoso kupata mrejesho wa wahudumu kuhusu hiyo fomu. Sentensi kumi, kila moja unachagua kuanzia 1 (sikubaliani kabisa) hadi 5 (nakubaliana kabisa). "Fomu inaeleweka." "Fomu inanisaidia kazini." "Fomu haichukui muda mrefu." Tuko na wahudumu 14, madodoso 14 yakarudi siku ileile, na karibu yote ni 5, 5, 5, 4, 5. Bosi akafurahi, akasema tuandike ripoti.

Juzi nikafungua faili la fomu zenyewe. Ukurasa wa kwanza umejazwa vizuri. Ukurasa wa pili, kwenye fomu 60 nilizozihesabu, 41 hazina hata nukta. Na zile 19 zilizojazwa, nyingi zina mwandiko uliotulia na wino mmoja, kama za mtu aliyekaa mezani baada ya chakula cha jioni.

Wiki hiyohiyo mgonjwa wetu mmoja wa Igogo alikutwa na kidonda cha kulalia kimeshaingia kwenye nyama. Fomu zake tatu za nyuma, ukurasa wa pili ni mtupu. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Hawa ni watu ninaowaheshimu, wanapanda milima na begi mgongoni kila siku. Kwa nini mtu aisifie fomu asiyoijaza? Na ninyi mnapataje mrejesho wa kweli kutoka kwa wafanyakazi?

#2 DagaaKavu

Nimekaa mbele kabisa. Waje wenye taaluma yao.

#3 Mzee wa Kamanga

Uoga. Nikuulize sista, madodoso uliyakusanya wewe? Na yalikuwa na majina?

#4 Sista Kilimani

Hayakuwa na majina mkuu. Niliyakusanya mwenyewe kwa mkono, nikawashukuru mmoja mmoja.

#5 Mzee wa Kamanga

Basi hapo ndipo ulipopotelea. Watu 14 wanaofanya kazi pamoja wanajuana hadi wanavyoweka tiki. Ukishapokea kwa mkono, jina halina kazi tena.

Nikupe kisa. Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi mmoja wa huduma za nyumbani, mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Tukaambiwa tutoe maoni kwa uhuru, siri itatunzwa. Mwenzetu mmoja akaandika ukweli wake kuhusu vishikwambi tulivyopewa, kwamba vinazima saa sita mchana na chaja ziko ofisini. Kikao kilichofuata meneja akayasoma maoni yale kwa sauti, neno kwa neno. Yule bwana alikuwa na msemo wake anaoupenda, "kwa mujibu wa hali halisi", na msemo ulikuwemo humo. Kikao kizima tukageuka kumwangalia. Mwisho wa mwaka hakuongezewa mkataba. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ile. Lakini mwaka uliofuata sote tulijaza 5 mpaka chini.

Hiyo inaitwa funika kombe mwanaharamu apite.

#6 Takwimu Ziwani

Mzee wa Kamanga nakuheshimu, lakini uoga siyo jibu la kila kitu. Tatizo la kwanza liko kwenye dodoso lenyewe. Sentensi zote kumi za sista zinasifia. Mtu akishaweka 5 kwenye ya kwanza, kalamu inateremka yenyewe kama maji mlimani. Ule mtindo wa 1 hadi 5 aliubuni yule Mjapani, Likert, na tangu mwanzo inajulikana kwamba watu wengi wanapenda kukubali kuliko kukataa, hasa anayeuliza akiwa mkubwa wao.

Changanya sentensi. Weka "Fomu inanichelewesha", kisha "Fomu inanisaidia". Ukikuta mtu kaweka 5 zote mbili, ujue hajasoma.

Halafu acha kuuliza mtu anaonaje, uliza alifanya nini. "Mara ya mwisho ulipojaza ukurasa wa pili ilikuwa nyumba gani, na ulifanyaje?" Hapo hakuna pa kuweka 5.

#7 Bint Nansio

Rekebisho dogo kwa #6: Rensis Likert alikuwa Mmarekani, na mtindo wake aliutoa mwaka 1932. Nadhani umechanganya na Kaizen, ule utaratibu wa kuboresha kazi kidogo kidogo, hiyo ndiyo ya Wajapani. Mengine uliyosema nayaunga mkono.

Mimi nipo Ukerewe, nasimamia wahudumu wa afya ya jamii. Sababu ya huku sijaona mtu ameitaja: kuchoka kuulizwa. Kuna fomu ya mama na mtoto, ya kifua kikuu, ya malaria, ya wenye VVU, na kila mfadhili akija anakuja na dodoso lake la "mrejesho". Mhudumu wangu mmoja alinionyesha mkoba wake, fomu za aina saba. Akaniambia, "Dada, mwaka juzi mliniuliza, nikasema mifuko ya plastiki ya kuhifadhia karatasi, maana kwenye mtumbwi zinalowa. Mwaka jana mkaniuliza tena, nikasema mifuko. Mwaka huu nimeweka nzuri sana, nikaenda zangu kumwagilia mchicha."

Hajaogopa huyo. Amechoka kusema kitu kilekile.

#8 Takwimu Ziwani

@Bint Nansio asante, nimekosea. Ni Mmarekani kweli.

#9 Kaizen Mabatini

Kwa kuwa Kaizen imetajwa, tuiweke sawa. Huku kwetu 5S (ya kupanga sehemu ya kazi) na Kaizen ziliingia hospitalini mwaka 2007, zikaanzia hospitali ya rufaa ya Mbeya kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, ndipo zikasambaa kwenye hospitali nyingine. Zile S tano kwa Kiswahili ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Naona watu wanabandika bango ukutani wakidhani wamemaliza.

Kiini cha Kaizen ni kwamba anayefanya kazi ndiye anayeona kasoro, na ndiye anayependekeza. Sasa fomu ya sista iliandikwa na nani? Kama iliandikwa ofisini ikashushwa kwa wahudumu, hata uwaulize kwa lugha tamu kiasi gani, wao wanaona unaomba pongezi.

#10 Sista Kilimani

Iliandikwa na sisi watatu wa ofisini, nakiri. Tulichukua kipimo kutoka kwenye vitabu, tukatafsiri.

#11 Mguu na Njia

Naomba niseme, kwa sababu mimi ndiye ninayezibeba hizo fomu. Siyo kituo cha mleta uzi, ila fomu zetu ni ndugu.

Nakupeleka nyumba moja ya Mabatini. Bodaboda inaishia chini dukani. Kuanzia pale ni ngazi za mawe, nyingine zimejengwa, nyingine ni mwamba wenyewe umelainishwa na miguu ya watu. Begini nina mashine ya presha, kipimo cha sukari, gozi, glovu, chupa ya maji ya chumvi na fomu. Mgonjwa ni baba mwenye kiharusi, mkubwa kwa umbo, upande wa kulia haufanyi kazi. Chumba kina dirisha moja linalotazama jiwe, kwa hiyo hata saa nne asubuhi ndani ni giza. Mkewe yuko Mwaloni anauza dagaa, na hawezi kuacha kwa kuwa ndicho chakula cha nyumba. Aliyepo ni mjukuu wa miaka mitano. Ndiye ananimulikia kwa tochi ya simu yangu.

Ukurasa wa kwanza naujaza wote. Ukurasa wa pili unaanza hivi: "Mgeuze mgonjwa ubavu, kagua mgongo, makalio na visigino."

Nimgeuze na nani?

Nilijaribu mara moja. Nikamshika bega na nyonga kama tulivyofundishwa, akainuka nusu, kitanda kikateleza kwenye sakafu, mkono wake uliopooza ukabaki chini yake. Akapiga kelele. Mtoto akaogopa, simu ikaanguka, giza. Nikamrudisha kwa kupapasa. Nilipotoka nje mikono ilikuwa inatetemeka. Tangu siku hiyo nikiwa peke yangu nakagua visigino tu.

Na fomu haina sehemu ya kuandika "sikuweza". Ina "kidonda kipo" na "kidonda hakipo". Nikiweka "hakipo" nimedanganya, na siku kidonda kikionekana ni jina langu liko pale. Nikiacha patupu, angalau sijadanganya.

Ukija na dodoso ukaniuliza kama fomu inaeleweka, nakupa 5. Inaeleweka sana.

#12 DagaaKavu

Duh.

#13 Sista Kilimani

Dada Mguu na Njia, nimeusoma huo ujumbe mara tatu. Tangu juzi naona nafasi tupu naita uzembe. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuacha patupu ili asiseme uongo. Sasa zile 41 sizioni tena kama nilivyoziona jana, na zile 19 zilizojazwa vizuri ndizo zinanitia wasiwasi zaidi.

#14 Mstaafu Pasiansi

Wanangu, hamjambo. Mimi nilianza uuguzi enzi ambazo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera, mwaka 1983. Miaka iliyofuata wodi zikajaa, watu wakarudishwa nyumbani, nasi tukawafuata. Huduma ya majumbani mnayoiona leo ilikua mikononi mwetu namna hiyo, kwa miguu na kwa baiskeli.

Hatukuwa na fomu. Tulikuwa na daftari la mgonjwa, la shule, kurasa 32, linakaa nyumbani kwake chini ya godoro au limening'inizwa ukutani. Nesi anaandika alichokiona. Bibi asiyejua kusoma anamwambia mjukuu aandike: "usiku alitapika mara mbili". Akija nesi mwingine anasoma, anaendelea pale pale. Mrejesho wa kazi yetu tuliupata humo. Kuna mama mmoja aliandika hili: "Sista wa Jumanne anafunga kidonda kikakaza mno." Sista wa Jumanne nilikuwa mimi. Nilibadilika siku ileile.

Fomu ya ofisini inakwenda ofisini. Daftari linabaki kwa mwenye maumivu. Sista, kabla hujarekebisha dodoso, jiulize karatasi yako inamsaidia nani usiku, nesi akishaondoka.

#15 Kaka Buhongwa

Shikamoo mama Mstaafu. Wabeja sana kwa hilo la daftari.

Ila sasa tusiwape wahudumu unafuu kupita kiasi. Wengine ni uvivu, tuseme ukweli. Wafungiwe malipo na fomu: fomu kamili, posho kamili. Mtaona ukurasa wa pili unavyojaa.

#16 Shemeji wa Mbali

Kaka Buhongwa, utajaa kweli, ila na nini?

Dada wa mke wangu anafanya huduma za nyumbani Marekani. Huko wana fomu yao inayoitwa OASIS, ya lazima kwa mashirika yanayolipwa na bima ya wazee ya serikali, Medicare, tangu 1999. Tathmini ya kwanza inatakiwa ikamilike ndani ya siku 5 tangu mgonjwa aanze kuhudumiwa. Maswali ni mengi: mgonjwa anavaaje, anaogaje, anapandaje kitandani, ana vidonda vingapi na vya hatua gani. Tangu Januari 2025 malipo ya mashirika karibu yote ya aina hiyo nchi nzima yanapanda au kushuka kulingana na matokeo, na sehemu ya matokeo hayo inatoka kwenye fomu hiyohiyo.

Mwenyewe ananiambia anakaa kwenye gari na kompyuta mapajani, anajaza mpaka giza linaingia. Na anaogopa kuandika kwamba mgonjwa hajapata nafuu, kwa sababu anajua namba ile inakwenda kugusa pesa. Kwa hiyo wao wana kompyuta, wana gari, wana umeme, na bado swali la sista liko palepale: namba hii ni ya kweli au ni ya kuridhisha?

#17 Kaka Buhongwa

Hapo umenibana. Lakini bado nasema kuna wavivu.

#18 Nesi Igoma

Naongeza la kwetu, ni la aibu lakini litasaidia wengine. Sisi ukurasa wa Braden tulikuwa tunajaza wote, kila ziara. Siku moja ikaja timu ya usimamizi elekezi, wakakuta mgonjwa asiyeweza kujigeuza kabisa, fomu imempa alama 9, na pembeni nesi ameandika "hatari ndogo". Walipouliza, ikajulikana zaidi ya nusu yetu tulidhani alama nyingi ndiyo hatari kubwa, kwa hiyo alama chache ni salama.

Ni kinyume chake. Kipimo cha Braden kinaanzia 6 hadi 23, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyopanda. Akiwa na 18 kushuka chini ni wa kuangaliwa, na 9 kushuka chini ni hatari kubwa mno. Lakini fomu zetu nyingine zote, ukipata alama nyingi ndiyo mbaya, na hakuna aliyetuambia hii inakwenda upande mwingine.

Kuna jingine. Fomu ya sista inasema "weka alama pale ulipoona wekundu". Wekundu gani kwenye ngozi yetu? Kwa mtu mweusi, dalili ya kwanza mara nyingi hauioni kwa macho. Unaipata kwa kiganja: pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au mgonjwa anashtuka ukigusa. Rangi yake ikibadilika inakuwa kama zambarau au nyeusi zaidi, siyo nyekundu. Nesi anatafuta wekundu kwa tochi ya simu, hauoni, anaandika salama.

#19 Takwimu Ziwani

Nesi Igoma, hiyo imepita nadharia zangu zote. Dodoso lingeuliza "kipimo kinaeleweka?" mngeweka 5 kwa moyo mweupe kabisa, bila uoga na bila uchovu. Mtu hawezi kukuambia asichojua kwamba hakijui.

#20 Mtoto wa Mgonjwa

Mimi siyo mtu wa afya. Nimeingia hapa kwa sababu mama yangu alikaa kitandani miaka miwili kule Kirumba.

Kituo kilimtuma nesi wa kiume, kijana mpole, ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Mama alikataa katakata kufunuliwa mgongo. Kijana alikuwa anamwita "mama", anamhudumia vizuri, lakini ikifika kwenye kumgeuza mama anashika kanga kwa mkono wake mzima na kusema, "Hapo basi mwanangu." Kijana anainamisha kichwa anaandika andika. Sijui aliandika nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi wala dada yangu. Tungeambiwa jinsi ya kukagua, dada angekagua kila akimwogesha.

Nyote mnazungumza kuhusu mrejesho wa wafanyakazi. Huyo kijana angeandika wapi kwamba mama yangu ana staha yake?

#21 Mguu na Njia

Pole sana kaka. Huo ndio ukweli wa kila siku na hauna kisanduku chake.

#22 Mwana Sengerema

Huku kwetu ng'ambo, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, msimamizi kutoka mjini anafika bila kungoja kivuko. Zamani alikuwa anakuja mara moja kwa miezi kadhaa, anakusanya karatasi, anawahi kurudi. Sasa anakaa, anatembea na sisi nyumba mbili tatu. Mrejesho wa kweli nimeutoa nikiwa njiani naye, siyo kwenye dodoso. Tulikuwa tunaruka mfereji, nikamwambia, "Hii fomu naijaza usiku." Yeye akasema tu, "Eh, kwa nini?" Tukaongea mpaka nyumba ya pili.

#23 Mzee wa Kamanga

Daraja limetuua sisi wa kivuko lakini limewaponya ninyi haha.

#24 DagaaKavu

Kwani si wapige picha mgongo wa mgonjwa, waweke kwenye kundi la WhatsApp, sista aone mwenyewe? Fomu ya nini?

#25 Bint Nansio

Hapana, hapana, DagaaKavu. Mgongo na makalio ya mzazi wa mtu kwenye kundi la watu 14, simu inashikwa na watoto nyumbani? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Hata kama sheria isingekuwepo, soma tena alichoandika Mtoto wa Mgonjwa.

#26 DagaaKavu

Nimeelewa dada. Nafuta kauli.

#27 Kaizen Mabatini

Sista, nikupe njia tuliyotumia sisi, haina gharama. Kura ya maharage.

Kwanza waache wahudumu wenyewe wataje sababu za fomu kutojazwa, bila kusema "mimi", waseme "mtu anaweza". "Mtu anaweza kuacha kwa sababu ya giza." Andika kila sababu. Kisha weka kopo moja kwa kila sababu, lenye karatasi na picha, nyuma ya pazia. Kila mtu apewe maharage matatu, aingie peke yake, agawe anavyotaka: yote matatu kopo moja au kila moja na lake. Mwisho mnamwaga mezani mnahesabu pamoja, wote mnaona. Hakuna mwandiko, hakuna tiki, na majibu hayasubiri ripoti.

#28 Takwimu Ziwani

Nzuri, ila maharage yanakupa idadi, hayakupi kisa. Kisa cha Mguu na Njia kisingeingia kwenye kopo. Fanya vyote viwili: maharage, halafu utembee na wahudumu kama alivyosema Mwana Sengerema.

#29 Kaka Buhongwa

Na maharage yapikwe baada ya hapo, yasiharibike.

#30 Mstaafu Pasiansi

Ninyi vijana. Yapikwe na nazi.

#31 Sista Kilimani

Wakuu, nimerudi. Jumamosi tumefanya kura ya maharage. Wahudumu wote 14 walikuwepo, maharage 42. Nilikaa nje ili wasinione, nikawa nachemsha chai. Sababu walizitaja wenyewe, zikawa makopo matano. Tulipomwaga ikawa hivi: kumgeuza mgonjwa peke yangu siwezi, 15. Tulishasema mambo hatukurudishiwa jibu, 12. Fomu ni nyingi, muda hautoshi, 8. Kipimo hakieleweki, 5. Naogopa kuandika ukweli, 2.

Nimeshaongeza kisanduku cha "sikuweza kukagua, sababu" na neno "wekundu" nimeliondoa, nimeandika "gusa: joto, ugumu, maumivu". Pia tumekubaliana wagonjwa wasiojiweza kabisa waende wahudumu wawili wawili. Sijui bajeti ya nauli itatoka wapi, nimeshaandika barua. Na daftari la mama Mstaafu tunalijaribu kwenye nyumba sita. Ile ripoti ya 5, 5, 5 nimemwomba bosi tusiipeleke kwanza. Hajajibu.

#32 Kaizen Mabatini

Hongera sista. Unaona, uoga umepata mawili tu. Mzee wa Kamanga njoo uone.

#33 Mzee wa Kamanga

Nimeona. Sasa nawauliza: mwoga wa kweli ataweka harage lake kwenye kopo lililoandikwa "naogopa"? Mimi nisingeweka. Ningeweka kwenye la kumgeuza mgonjwa, kwa sababu hilo hata bosi halimuudhi. Kwa hiyo hayo 15 sijui ni mangapi ni ya mgonjwa na mangapi ni yangu.

#34 Mguu na Njia

Mzee, ningekuwepo mimi, matatu yote yangekuwa ya mgonjwa. Na siogopi mtu.

#35 Nesi Igoma

Na sisi tusiojua kama tumekosea tungeweka kopo gani? Lile la "kipimo hakieleweki" sisi tusingeligusa, maana tulikuwa na uhakika tunakielewa.

#36 Bint Nansio

Sista, swali moja. Makopo yalikuwa ya nini?

#37 Sista Kilimani

Ya maziwa ya unga, ya bati. Kwa nini?

#38 Bint Nansio

Harage likidondoka kwenye bati linalia. Waliokaa upande huu wa pazia walikuwa wanasikia kopo la kushoto au la kulia.

#39 Sista Kilimani

Nimewauliza sasa hivi. Ni kweli, walikuwa wanasikia. Lile la uoga lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na dirisha, peke yake.

#40 Mstaafu Pasiansi

Rudia Jumamosi ijayo, mwanangu. Tandika kitenge ndani ya kila kopo.